Kupima ligamenti za kifundo cha mguu kwa vihisi vya kubandika: hatua kwa hatua

Mtu akiteguka kifundo cha mguu, swali la kwanza huwa ni kama amevunjika. Likishajibiwa hilo, wengi hufungwa bandeji, huambiwa wapumzike, na habari ya ligamenti, yaani kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa, huishia hapo. Matokeo yake huonekana baada ya miezi: mguu unaopinda wenyewe kwenye ngazi, kifundo kinachovimba kila baada ya mazoezi, mtu anayeogopa kukanyaga ardhi isiyo sawa. Ligamenti ilikatika na hakuna aliyeitafuta.

Vihisi vya kubandika ni viraka vyembamba vinavyonata kwenye ngozi na kupima mvutano, mwendo au umeme wa misuli. Vikitumiwa vizuri vinasaidia sana katika kutafuta huko. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mtaalamu wa fiziotherapia, tabibu wa timu, au yeyote mwenye mafunzo ya kupima viungo ambaye amepata vifaa hivi na anataka kuvitumia ipasavyo. Kama wewe ndiye uliyeumia, utakusaidia kujua kipimo kizuri kinafanywaje na umuulize nini anayekupima. Usijipime mwenyewe, kwa sababu nusu ya kazi hii imo mikononi mwa mpimaji.

Kabla ya yote, shika jambo hili: kihisi kinapima ngozi. Ligamenti iko chini yake, na kati yao kuna mafuta, uvimbe na kano zinazopita. Kwa hiyo namba inayotokea kwenye skrini haina maana yoyote mpaka uwe na namba ya mguu wa pili, uliopimwa kwa namna ileile, na mpaka kipimo kikirudiwa kitoe jibu lilelile. Karibu kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya hilo.

Unachokitafuta kiko wapi

Upande wa nje wa kifundo una ligamenti tatu. Ya kwanza, talofibula ya mbele, inatoka ukingo wa mbele wa fibula, ule mfupa uliochomoza nje ya kifundo, na kwenda kwenye shingo ya talasi, mfupa ulio kati ya ugoko na kisigino. Ni fupi, urefu wake ni kama sentimita 2, na mguu ukiwa sambamba na sakafu hulala karibu mlalo. Hii ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi, kwa sababu mguu unapojikunja ndani huku vidole vikielekea chini, mzigo wote huiangukia. Ya pili, kalkaneofibula, inashuka kutoka ncha ya fibula ikielekea nyuma kidogo hadi mfupa wa kisigino, chini ya kano za peronia, misuli ya upande wa nje wa ugoko. Mara nyingi huumia baada ya ile ya kwanza kushindwa. Ya tatu iko nyuma, ina nguvu, na ni nadra kukatika bila kifundo chenyewe kuchomoka.

Upande wa ndani kuna deltoidi, ligamenti pana. Juu ya kifundo, tibia, yaani mfupa mkubwa wa ugoko, na fibula zinashikiliwa pamoja na ligamenti za sindesmosi. Hizi za juu nitazirudia baadaye, maana kiraka hakizifikii na ni hatari kuzisahau.

Daraja la kwanza la jeraha ni ligamenti iliyovutika, la pili iliyochanika kwa sehemu, na la tatu iliyokatika kabisa. Kiraka hakitakutofautishia kwa uhakika daraja la kwanza na mguu mzima. Kinachoweza kukuonyesha ni kulegea, yaani talasi inasogea kuliko inavyopaswa. Kama hakuna kulegea, hakina cha kuonyesha hata mgonjwa awe na maumivu makali.

Hatua ya 1: Mfupa kwanza

Usifungue hata pakiti ya kiraka kabla ya kupita sheria za Ottawa, zilizochapishwa mwaka 1992 na madaktari wa Kanada wakiongozwa na Ian Stiell. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifundo apelekwe eksirei ikiwa anaumia ukibonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya mfupa wa nje wa kifundo, katika sentimita 6 za mwisho za mfupa huo. Fanya vilevile kwa mfupa wa upande wa ndani. Apelekwe pia kama hakuweza kutembea hatua 4 mara baada ya kuumia na bado hawezi mbele yako. Kama maumivu yako katikati ya mguu, bonyeza kitako cha mfupa wa metatasali ya tano, ule uliotokeza ukingoni mwa wayo upande wa kidole kidogo, na mfupa wa navikula upande wa ndani. Maumivu katika mojawapo ya sehemu hizo, au kushindwa hatua 4, nayo yanadai eksirei.

Minya pia shavu la mguu mgonjwa akiwa amelala kifudifudi. Wayo usipojongea, huenda kano ya Akile imekatika, na hiyo ni safari nyingine kabisa. Gusa mapigo ya damu juu ya wayo, uliza kama kuna ganzi. Kuvuta kifundo chenye mfupa uliovunjika ili tu upate grafu nzuri ni kumdhuru mgonjwa.

Hatua ya 2: Subiri siku sahihi

Hapa wengi wana haraka, na haraka hiyo inaharibu kipimo. Katika saa 48 za mwanzo kifundo kimevimba, kinauma, na misuli inajikaza yenyewe kukilinda. Ukivuta, talasi haisogei, na unaandika kwamba ligamenti ni nzima. Utafiti wa Uholanzi ulioongozwa na van Dijk na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa uchunguzi wa mikono uliocheleweshwa siku chache ulitambua asilimia 96 ya ligamenti zilizokatika, na ukawaondolea shaka asilimia 84 ya wale ambao zao hazikukatika. Huo ni uchunguzi wa mikono tu, bila kifaa chochote. Kiraka kinapaswa kuongeza kitu juu ya kiwango hicho, na hakiwezi kufanya hivyo kikitumika siku ambayo mguu wenyewe haupimiki.

Kwa hiyo panga kipimo siku ya 4 au ya 5. Siku ya kwanza fanya hatua ya mfupa, funga mguu, mweleze mgonjwa ainue mguu na apunguze mzigo, na umpe tarehe ya kurudi. Akirudi, kabla ya kubandika chochote, tazama michubuko ya damu chini ya ngozi na ubonyeze talofibula ya mbele kwa ncha ya kidole. Damu iliyoenea pamoja na maumivu mahali hapo hasa ni ushahidi mzito wa kukatika. Uandike, maana utausoma pamoja na grafu.

Hatua ya 3: Chagua kihisi kinachojibu swali lako

Viraka vya mvutano ndivyo vinavyofaa zaidi kwa swali la talofibula ya mbele. Ni silikoni laini iliyochanganywa na kaboni, au yenye vijia vidogo vya metali ya majimaji ya galiamu na indiamu. Kikivutwa, ukinzani wa umeme hubadilika na programu huugeuza kuwa asilimia ya mvutano. Vingine hupima uwezo wa kuhifadhi chaji badala ya ukinzani. Hivi hurudi sifuri vizuri zaidi baada ya kuvutwa, lakini kama havijakingwa hubadilisha namba mkono wako unapokaribia tu. Vihisi vya kawaida vya karatasi ya metali havifai, maana huharibika vikivutwa asilimia chache, na ngozi ya kiungo huvutika zaidi ya hapo.

Vihisi vya mwendo, vyenye kipima mchapuko (badiliko la kasi) na jairo (kipima mzunguko), ni vizuri kwa pembe. Usivitumie kupima talasi imesogea milimita ngapi. Ili kupata umbali, programu inalazimika kujumlisha mchapuko mara mbili, na kosa dogo hukua kwa mraba wa muda. Piga hesabu: kosa la mita 0.01 kwa sekunde mraba, ambalo ni dogo sana kwa vifaa hivi, katika sekunde 2 linazaa milimita 20 za uongo. Wewe unatafuta tofauti ya milimita chache. Muuzaji akikuambia kifaa chake cha mwendo kinapima mteleko wa talasi moja kwa moja, mwulize tatizo hili amelitatuaje.

Elektrodi za umeme wa misuli watu huzichukulia kama nyongeza. Mimi naziweka karibu na juu ya orodha, kwa sababu zinakuambia kama mgonjwa amelegeza misuli wakati unavuta. Kifundo kilicholegea lakini kimekazwa na misuli hupita kama kizima, na jicho peke yake haliwezi kuligundua hilo kila mara.

Kuna pia viraka vya altrasaundi. Mwaka 2022 kundi la Xuanhe Zhao wa MIT lilichapisha kiraka cha namna hiyo kinachonata ngozini kwa saa 48 na kutoa picha za viungo vya ndani. Ni kazi ya kuvutia, na siku moja huenda ikatuonyesha ligamenti yenyewe ikivutika mtu anapotembea. Kwa sasa, ukitaka kuiona ligamenti, kifaa cha kawaida cha altrasaundi mikononi mwa mtu aliyezoea ndicho cha kutegemea.

Hatua ya 4: Ngozi

Uliza kwanza kama mgonjwa amewahi kuwashwa na plasta. Kagua ngozi, palipo na kidonda, lengelenge au ngozi iliyochunika hapabandikwi kitu. Osha kwa sabuni na maji, kausha, kata nywele fupi kwa mashine badala ya wembe ili usiache mikwaruzo, kisha futa kwa spiriti na usubiri ikauke kabisa. Losheni na mafuta ya kuchua ni adui wa gundi, hata yaliyopakwa asubuhi. Fanya haya yote kwa miguu yote miwili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Kubandika kiraka cha mvutano

Mkalishe mgonjwa ukingoni mwa kitanda, magoti yamekunjwa, miguu inaning'inia. Weka wayo kwenye nyuzi 90 na ugoko, ushikwe na mtu mwingine au uegemezwe kwenye kibao.

Sasa tafuta kwa kidole. Shuka na ukingo wa mbele wa fibula mpaka karibu na ncha yake. Kutoka hapo sogeza kidole mbele na ndani kidogo, kuelekea kidole gumba, utaingia kwenye kishimo laini; ukisukuma taratibu ndani yake utaugusa ubavu wa talasi. Kama kuna uvimbe, kishimo kimejaa, basi bonyeza polepole kwa muda mpaka maji yasogee. Weka alama mbili kwa kalamu ya ngozi: moja juu ya mfupa wa fibula, milimita chache nyuma ya ukingo wake, na nyingine juu ya shingo ya talasi. Mstari unaounganisha alama hizo ndio mstari wa kiraka.

Pima umbali wa kila alama kutoka ncha ya fibula na uandike. Hamishia vipimo hivyohivyo kwenye mguu wa pili, kwa kugeuza kama kwenye kioo. Piga picha miguu yote. Kiraka kikikaa milimita 5 pembeni au kikiinama nyuzi 15 zaidi upande mmoja, utapima tofauti ya ubandikaji na kuiita jeraha.

Toa karatasi ya nyuma nusu. Nanisha kwanza upande wa kiraka unaokaa juu ya fibula, bonyeza, kisha laza kiraka kwenye mstari bila kukivuta na bila kukikunja, ukitoa nusu iliyobaki taratibu. Bonyeza kutoka katikati kwenda nje ili kusiwe na hewa chini yake. Shikilia kiganja juu yake kwa muda, joto la mkono husaidia gundi kushika. Halafu tazama kwa karibu mgonjwa anaposhusha na kuinua wayo: kama ukingo unainuka, au mkunjo mdogo unatokea katikati wayo unapoinuliwa, kitoe, futa, anza na kipya. Kiraka chenye mkunjo husoma mvutano wa uongo kila mkunjo unapofunguka, na hakuna programu itakayousahihisha.

Urefu wa kiraka ni jambo la kufikiriwa. Kama sehemu inayopima ina milimita 40 na talasi ikateleza mbele milimita 4, mvutano mkubwa unaoweza kuonekana ni asilimia 10, na kwa kuwa ngozi yenyewe huteleza juu ya mfupa, utaona pungufu ya hapo. Kiraka kirefu zaidi hupunguza zaidi namba hiyo. Kifupi mno hakifiki kwenye mifupa yote miwili. Chagua urefu mmoja na ubaki nao.

Elektrodi za misuli ziwekwe jozi mbili. Kwa peronia ndefu, chora mstari kutoka kichwa cha fibula chini kidogo ya goti hadi ncha ya mfupa wa nje wa kifundo. Mahali pake ni robo ya mstari kutoka juu. Kwa msuli wa mbele ya ugoko, chora mstari kutoka ncha ya kichwa cha fibula hadi ncha ya mfupa wa ndani wa kifundo, uweke theluthi moja kutoka juu. Nafasi kati ya vitovu vya elektrodi mbili iwe milimita 20. Mwambie mgonjwa ageuze wayo nje, kisha auinue. Ukiona mawimbi yanaruka kwenye skrini katika jozi inayohusika, uko mahali pake.

Hatua ya 6: Kiraka kizoee, kisha sifuri

Silikoni iliyojazwa kaboni hubadilika tabia mivuto ya kwanza kwanza, kisha hutulia. Mwambie mgonjwa apandishe na kushusha wayo kama mara 10, taratibu, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Acha kiraka kitulie kwa dakika chache kipate joto la ngozi. Rudisha wayo nyuzi 90 na ubonyeze sifuri.

Kisha kijaribu kwa kitu unachokijua. Kwa goniomita, yaani kipimapembe cha viungo, shusha wayo nyuzi 10, soma. Nyuzi 20, soma. Rudi 90, soma. Namba ziongezeke kwa mpangilio na zirudi karibu na sifuri. Zisiporudi, subiri na urudie. Zikikataa tena, kiraka kimeachia au kimeharibika, na ni heri kugundua sasa kuliko katikati ya kipimo.

Hatua ya 7: Mguu mzima, halafu ulioumia

Anza na mguu mzima kila mara. Mgonjwa anajifunza kipimo kinavyohisi pasipo maumivu, na wewe unapata kipimo cha kulinganisha kabla hujajua jibu unalolitarajia.

Kipimo cha kuvuta mbele kinafanywa hivi. Goti limekunjwa, wayo umeshuka nyuzi 10 hadi 20. Mkono mmoja unashika ugoko juu kidogo ya kifundo na kuuzuia usisogee. Mkono wa pili unakumbatia kisigino kwa nyuma na kukivuta mbele, polepole, ukiruhusu wayo kuzunguka ndani kidogo, kwa sababu deltoidi ikiwa nzima talasi huteleza ikizungukia upande wa ndani. Vidole visiguse kiraka wala waya. Vuta mpaka uhisi mwisho, shikilia kwa sekunde 2 au 3, achia polepole.

Macho yako yawe kwenye mawimbi ya misuli. Yakiwa yametulia, mvuto unahesabiwa. Yakiruka, mvuto huo haupo, haijalishi namba yake ilikuwa nzuri kiasi gani. Zungumza na mgonjwa, mwache ategemeze mgongo, apumue, rudia. Wengine hulegea vizuri zaidi wakilala chali goti likiwa juu ya mto.

Chukua mivuto mitatu safi kila mguu. Nguvu ya mkono hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mashine za eksirei ya mkazo, ile inayopigwa kiungo kikiwa kinavutwa, kwa kawaida hutumia nyutoni 150, mkono hauna dira hiyo. Ukiwa na mkanda wenye kipimanguvu, utumie na uandike namba. Usipokuwa nao, mtu mmoja apime miguu yote, kikao kimoja, bila kubadilishana.

Kuhusu kuinamisha kifundo ndani, hapa vihisi vya mwendo vinafaa. Bandika kimoja kwenye uso bapa wa tibia upande wa mbele-ndani, ambako kuna nyama kidogo sana, na kingine nyuma ya kisigino. Wayo ukiwa kwenye nyuzi 90 unajaribu zaidi kalkaneofibula. Ukiwa umeshuka unajaribu zaidi talofibula ya mbele. Kumbuka kuwa pembe unayoiona ina mchango wa kiungo kilicho chini ya talasi, na kihisi kwenye kisigino hakiwezi kuutenganisha. Nisingeandika utambuzi kwa kutegemea pembe hii peke yake.

Hatua ya 8: Kusoma

Tuseme mguu mzima umetoa asilimia 3.1, 3.4 na 3.2, na ulioumia umetoa 6.0, 6.3 na 5.9. Mivuto ndani ya kila mguu inakubaliana, na tofauti kati ya miguu ni mara kadhaa ya mtawanyiko huo. Hiyo inasomeka. Sasa tuseme ulioumia umetoa 2.9, 6.4 na 4.1. Wastani wake unazidi wa mguu mzima, na kishawishi cha kuandika "umelegea" ni kikubwa, lakini namba hizo zinasema tu kwamba mvuto wako au kiraka hakikuwa imara. Rudi hatua ya 6.

Umbo la mstari lina habari kuliko kilele. Kwenye mguu mzima mstari hupanda kisha hukatika ghafla na kuwa bapa, pale ligamenti inapokaza. Mkono wako nao huhisi kuzuiwa. Kwenye ligamenti iliyokatika mstari huendelea kupanda kwa mwinuko mlaini, hauonyeshi mahali palipokaza, na mkono hauhisi mwisho ulio thabiti. Tazama pia ngozi ya mbele ya fibula: kishimo kikifyonzwa ndani unapovuta, ni dalili inayokubaliana na mstari huo.

Usichukue vizingiti vya eksirei ya mkazo ukavihamishia kwenye kiraka. Tofauti ya milimita 3 kati ya miguu, inayotumika mara nyingi huko, ni ya mifupa iliyopigwa picha. Asilimia ya kiraka inategemea urefu wake, gundi yake na unene wa ngozi. Uvimbe nao huivuta ngozi kabla hujaanza, hivyo mabadiliko juu yake huwa madogo: mguu uliovimba sana wenye namba sawa na mguu mzima bado una shaka. Pima uvimbe kwa futi ya kamba iliyozungushwa kifundo kwa umbo la nane, miguu yote, na uandike kando ya namba.

Pale kiraka kisipokuwa na neno

Kwa sindesmosi, tumia mikono. Minya tibia na fibula pamoja katikati ya ugoko. Kisha, goti likiwa limekunjwa, zungusha wayo nje. Maumivu juu ya kifundo kwa mbele yanatosha kumpeleka mgonjwa kwa uchunguzi zaidi, hata kama mstari wa kiraka ni mzuri kabisa. Jeraha hili huchukua muda mrefu kupona kuliko la upande wa nje na likiachwa kiungo huharibika.

Kwa mtoto ambaye bado anakua, sehemu ya mfupa inayokua inaweza kuumia kabla ya ligamenti. Apelekwe kwa daktari wa mifupa. Kwa aliyewahi kuteguka miguu yote, huna mguu wa kulinganisha. Mtu mwenye viungo vyepesi kwa asili atakuwa na namba kubwa pande zote. Mpime kwa alama za Beighton, kipimo cha wepesi wa viungo chenye jumla ya 9, na utegemee tofauti ya miguu badala ya ukubwa wa namba.

Hatua ya 9: Uamuzi

Kiraka, kidole kilichobonyeza, damu chini ya ngozi na mkono uliovuta vikikubaliana, andika kulegea kwa upande wa nje na uanze tiba. Hata ligamenti iliyokatika kabisa, wengi huanza kwa kifungashio imara, kutembea mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu, na mazoezi ya nguvu na usawa. Upasuaji si hatua ya kwanza kwa wengi. Kujua kwamba imekatika kunabadilisha muda wa kifungashio, uzito unaoupa mazoezi ya usawa, na siku unayomruhusu mchezaji kurudi uwanjani.

Vikipingana, usipige kura. Agiza altrasaundi, au MRI (picha za sumaku) kama unashuku sindesmosi, gegedu la talasi, au kama maumivu hayapungui baada ya wiki 6 za tiba nzuri.

Unapotoa kiraka, shika ngozi kwa mkono mmoja na ukirudishe juu yake chenyewe, sambamba na ngozi, kwa kuifuata njia ya nywele. Kagua wekundu, osha gundi iliyobaki. Hifadhi grafu ghafi pamoja na aina ya kiraka, urefu wake, umbali wa alama, pembe ya wayo na picha. Muhtasari wa programu pekee hautakusaidia wiki ya 6 utakapotaka kulinganisha. Mgonjwa aelezwe data yake inakaa wapi na nani anaiona, hasa mchezaji ambaye mwajiri wake angependa kuijua kabla yake. Wiki ya 6 na ya 12 pima tena kwa alama zilezile, mguu mzima kwanza.